Lenzi inaota ukungu nikitoka nje, kamera imekufa?

SWALI: Habari za kazi fundi, mimi napiga video za harusi hapa Mwanza. Juzi bibi harusi alipambwa hotelini Capri Point, chumba AC kali, tukatoka kwenda ufukweni, ile nawasha tu picha nyeupe kama nimeweka pazia. Nikafuta na shati, ikarudi. Ndo imeharibika?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Pole ndugu yangu, haijaharibika. Umeshaona soda ya baridi inavyotoka jasho mezani? Ndo hivyohivyo, lenzi imepoa halafu inakutana na hewa ya ziwa yenye unyevu. Siku nyingine ukiwa bado humohumo kwenye baridi ingiza kamera kwenye begi, funga zipu kabisa, toka nayo hivyo na usiifungue hata wakikuita, iache nusu saa au zaidi ipate joto taratibu. Kwa hiyo tangulia kutoka mapema, maharusi watakukuta uko tayari. Shati achana nalo kabisa jamani, vumbi la kwenye nguo linakwangua kioo, tafuta kitambaa cha lenzi. Na usibadilishe lenzi ikiwa na ukungu, wala usiipulizie drai ya saluni.

Ila kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ni fangasi, wanaota ndani ya lenzi ikikaa na unyevu. Usiku mulika lenzi kwa tochi ya simu, ukiona vinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo mpelekee fundi mapema, usiifungue mwenyewe. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, weka kwenye begi la kamera vinanyonya unyevu.