Sensa Iliyogoma Kutoka: Jiulize Kwanza Kinachoishika

Sensa ya kwanza niliyoivunja ilikuwa ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), kwenye lori la dizeli lililokuwa limeshazeeka. Ilishikwa na bolti 1 tu, nayo ilifunguka bila ubishi, nikadhani kazi imekwisha. Niliingiza bisibisi chini ya sikio la plastiki nikainua kwa nguvu. Sikio likabaki mkononi mwangu, na mwili wa sensa ukabaki ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, umekatika sawasawa na uso wa chuma. Kazi ya robo saa ikageuka kuwa ya siku 2. (Kwa msomaji anayeshangaa, sensa ya mafundi si ile ya kuhesabu watu, ni kile kifaa kinachoipelekea kompyuta ya injini habari za joto, mwendo au presha.)

Tangu siku hiyo sigusi sensa iliyoganda kabla ya kujua inashikwa na nini, kwa sababu zipo za aina mbili na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Zipo zinazochomekwa kwenye tundu laini na kuzuiwa na bolti, kama za krenki na kemshafti (mhimili unaofungua vali), na zipo zenye meno zinazokazwa kama plagi, kama za joto la maji, presha ya oili na ile ya oksijeni iliyoko kwenye eksozi ya injini za petroli.

Sensa ya kuchomekwa hushikwa na mambo matatu kwa pamoja: oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokauka kwa joto la miaka mingi, kutu ya bloku iliyojijenga na kuubana mwili wa plastiki, na, kwa zile zenye sumaku nchani, unga wa chuma ulionaswa hapo hadi ncha ikawa nene kuliko tundu ililopitia. Kuinyanyua kwa upande mmoja, kama nilivyofanya mimi, ni kuipinda pale ilipo dhaifu zaidi. Inayotakiwa kwanza ni kuzungushwa. Nyunyiza oili ya kupenya kutu kuizunguka, iache ilale usiku mzima, kisha ishike karibu kabisa na bloku na uizungushe kidogo kulia na kushoto, hata kama mwanzoni inasogea upana wa unywele tu. Ikianza kuzunguka kwa urahisi, ndipo uivute huku ukiendelea kuizungusha. Ikikataa, ongeza oili na uende ukafanye kazi nyingine.

Ikikatika, usiisukume ndani hata kama inaonekana kukubali, maana nyuma yake kuna gurudumu lenye meno ambalo sensa hulisoma, na kipande kikidondokea huko utafungua mengi zaidi kukitafuta. Mimi nilitoboa tundu dogo katikati ya plastiki, ncha ya keekee nikiwa nimeipaka grisi nzito ili inase vumbi, kisha nikaingiza skrubu nyembamba na kuivuta taratibu kwa koleo. Skrubu nene ni kosa, kwa kuwa huitanua plastiki na kuifanya ibane kuliko mwanzo.

Kwa sensa za meno adui ni mwingine. Chuma kikikaa miaka ndani ya alumini penye unyevu, alumini huliwa pale metali hizo mbili zinapogusana, na mabaki yake hujaza nafasi kati ya meno. Hapa joto ndilo rafiki, kwani alumini hutanuka karibu mara 2 zaidi ya chuma, hivyo hedi (sehemu ya juu ya injini) ya alumini ikipata moto tundu hulegea. Hata hivyo, sensa ya joto la maji usiifungue injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya presha huruka na kuunguza. Subiri ipoe, fungua mfuniko wa rejeta, upunguze maji kwanza. Ya oksijeni ndiyo ninayoitoa eksozi ikiwa na uvuguvugu, nikiwa nimevaa glavu na nimefuta oili yote ya kupenya, maana oili hiyo hushika moto.

Tumia soketi ya pembe 6, kwa kuwa ya pembe 12 hula kona za sensa, hasa zile za shaba nyeupe ambazo ni laini. Kama sensa ya oksijeni inatupwa, kata waya zake uweze kupitisha spana ya duara, ambayo kwa nyingi ni ya milimita 22. Anza kwa kuigusa kidogo upande wa kukaza, kisha fungua. Ikilegea robo mzunguko na kuanza kutoa mlio, usijidanganye kwamba umeshinda, kwani huo ndio wakati meno yanapochanika: irudishe, ongeza oili, ifungue tena, urudie hivyo mpaka itoke.

Kabla ya kufunga mpya, safisha meno ya tundu kwa tapu (chuma cha kuchongea meno) ya kipimo chake. Ya oksijeni mara nyingi ni M18, yaani kipenyo cha milimita 18, yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.5. Grisi ya kuzuia kuganda ipakwe kwenye meno pekee, wala isiguse ncha, na nyingi za oksijeni huja zikiwa zimeshapakwa. Sensa yenye waya 1 usiizungushie tepu ya mabomba, kwa sababu hupata asi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha injini, kupitia meno hayo.

Ile mpya ya krenki niliifunga baada ya kukwangua kutu yote ya tundu na kupaka oringi oili safi. Mara ya kwanza ilikwama nusu njia, na nilishawishika kuivuta ndani kwa bolti. Niliitoa, nikakwangua tena, ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba.