CPF9999 kwenye IBM i: soma ujumbe ulioitangulia

Umeuliza maana ya CPF9999, ujumbe wa hitilafu kwenye IBM i, mfumo endeshi wa seva za IBM. Ukiitafuta peke yake utazunguka bure, kwa sababu inachosema ni kwamba programu imepatwa na hitilafu isiyoandaliwa namna ya kuishika. Soma maandishi yake hadi mwisho: yametaja kitambulisho kingine, mathalani MCH1202, jina la programu na namba ya mstari kama 0000004700. Hicho ndicho cha kufuata.

Kama kazi (job) bado iko hai, andika DSPJOBLOG ufungue logi yake, yaani orodha ya jumbe zake. Kwa kazi ya mtumiaji mwingine, tumia WRKJOB kisha chaguo 10. Bonyeza F10, maana bila hiyo jumbe za kina hazionekani kabisa, halafu F18 ufike chini, kisha panda juu. Kwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya RPG utakuta MCH1202, ikifuatwa na CPF9999, kisha RNQ0907, swali linalosubiri jibu la herufi moja. Na kama iliitwa na programu ya CL (lugha ya amri za mfumo), kuna CEE9901 na CPA0702. Zote ni hitilafu moja inayopandishwa ngazi kwa ngazi. Weka kishale kwenye ile ya kwanza, bonyeza F1 usome chanzo na namna ya kurekebisha, halafu F9 uone programu iliyoutuma na iliyoupokea.

Unaweza pia kuandika DSPMSGD RANGE(MCH1202) MSGF(QCPFMSG), ila hapo utapata kiolezo tu chenye &1 na &2. Majina halisi ya faili na ya sehemu (field) yanapatikana kwenye logi ya kazi, na ndiyo maana naanzia huko siku zote. Faili la jumbe hutegemea herufi za mwanzo: CPF, CPA, CPD, CPI na MCH ziko QCPFMSG, RNQ na RNX ziko QRNXMSG, za SQL ziko QSQLMSG. SQLCODE (namba ya hitilafu ya SQL) -204 itafute kama SQL0204, lakini yenye tarakimu tano kama -30080 ni SQ30080. Wengi hukwama hapo.

Kama herufi ni za programu iliyonunuliwa na hujui faili lake, iulize logi ya kazi kwa SQL:

SELECT MESSAGE_ID, MESSAGE_LIBRARY, MESSAGE_FILE, MESSAGE_SECOND_LEVEL_TEXT FROM TABLE(QSYS2.JOBLOG_INFO('*')) A

Badala ya nyota weka jina kamili la kazi: namba/mtumiaji/jina.

MCH1202 yenyewe ina maana kwamba sehemu ya namba ina data isiyo namba. Mara nyingi ni nafasi tupu, X'40', zilizoingia kwa faili lililonakiliwa bila kuangalia muundo wake au kwa muundo wa data ambao haukuanzishwa kwa sifuri. Usikimbilie kujibu C (sitisha) kwenye RNQ0907. Jibu D: programu itasimama vilevile, ila utapata chapisho la QPPGMDMP lenye thamani ya kila sehemu wakati ilipoanguka, na ile yenye 40 utaiona kwa macho.

Kwa kazi za usiku ambazo zimeshaisha, angalia logi iliyochapishwa, QPJOBLOG, kupitia WRKJOBLOG. Kama maelezo ya ngazi ya pili hayamo, kigezo LOG cha kazi kiliwekewa *MSG. Kama ilimalizika kawaida na logi haipo kabisa, ni *NOLIST. Kabla ya kuirudia, weka LOG(4 00 *SECLVL) kwenye SBMJOB (amri ya kutuma kazi) au kwenye maelezo ya kazi (job description), na kwa CL ongeza LOGCLPGM(*YES) ili kila amri iliyopita iandikwe.