Endtroducing..... ya DJ Shadow: albamu ya sampo, mashine moja, na namna ya kupata sauti ile kwa laptop

Mleta uzi umeuliza mawili: DJ Shadow, prodyuza wa Marekani, alitengenezaje albamu yake ya kwanza, Endtroducing....., kwa sampo (vipande vya sauti vilivyochukuliwa kwenye rekodi za wengine), na je, mtu mwenye laptop na kicheza santuri cha mtumba anaweza kupata sauti ya namna ile kwenye albamu yake mwenyewe? Unaweza. Ila hao waliokuambia ununue plagini (programu ya nyongeza) ya kuongeza mikwaruzo ya santuri wanakupoteza, mkuu. Mikwaruzo ni jambo la mwisho kabisa.

Zana zake zilikuwa chache: sampula (mashine ya kunasa na kupiga sampo) ya Akai MPC60, kicheza santuri cha Technics SL-1200, na rekoda ya Alesis ADAT, ile ya treki 8 inayotumia kanda za S-VHS. Lebo ya Mo' Wax ya London waliitoa albamu Uingereza Septemba 1996, Marekani ikatoka Novemba. Guinness wakaja kuiandika kuwa albamu ya kwanza iliyotengenezwa kwa sampo tupu. Ukitega sikio utasikia pia washikaji wakiongea humo, kwa hiyo hilo "tupu" lina walakini wake.

Sasa shika namba hizi, maana ndipo sauti inapotoka. MPC60 inabeba sekunde 13.1 za sauti, au 26.2 ikiongezwa memori. Hizo ndizo zako zote: dramu, besi, kinanda, sauti za watu. Inasampo kwa kilohezi 40 na kuhifadhi kwa biti 12 (biti za kompyuta, si zile tunazouza). SP-1200, sampula nyingine ya zama zile, ilikuwa bahili zaidi, sekunde 10 kwa kilohezi 26 na ushee. Ndiyo maana maprodyuza wa zama zile walikuwa na ujanja huu: santuri ya mizunguko 33 kwa dakika unaicheza kwa spidi ya 45, unaisampo ikiwa inakimbia, halafu unaishusha ndani ya mashine hadi irudi ilivyokuwa. Sekunde 26 zinageuka kuwa 35.

Malipo yake ni kwamba sauti za juu zinakatwa. Sampo ya kilohezi 40 inafika juu hadi 20. Ukiirudisha kutoka 45 hadi 33 inaishia kama 14.8. Kwenye SP-1200 inaishia chini ya 10. Giza lile unalolisikia kwenye rekodi za miaka ile, sehemu yake kubwa imetoka hapo. Kwenye laptop fanya hivihivi: rekodi kwa 45, kisha shusha tuni semitoni 5 na senti 20 (senti 100 ni semitoni moja). Zima kabisa ile kazi ya kunyoosha muda bila kugusa tuni. MPC60 haikuwa nayo, na ukiiwasha sinea (dramu ile ya mlio mkali) inatoka kama imelowa maji. Tuni na spidi viende pamoja: lupu (kipande kinachojirudia) ya mapigo 96 kwa dakika ukiitaka iende 90, inashuka semitoni 1 na senti 12, basi. Ukubali hivyo na uutafute wimbo wako kwenye tuni hiyo mpya.

Kabla ya hapo, waya. Kicheza santuri hakichomekwi moja kwa moja kwenye soketi ya laini ya kadi ya sauti. Lazima kipite kwenye priampu ya fono (kikuza sauti cha santuri, vingine vinacho ndani), kwa sababu santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, na priampu ndiyo inayorudisha. Ukisikia sauti nyembamba kama ya redio ya mkulima, umeiruka. Ukisikia mngurumo wa hezi 50 usiokoma, angalia ule waya mwembamba wa athi, mara nyingi unakuwa unaning'inia tu nyuma. Vilele vya sauti viache kwenye desibeli -12 hadi -6, na osha santuri kabla ya kurekodi, si baada.

Dramu ndizo zinazotenganisha albamu na folda ya lupu. Usichukue lupu nzima ya baa mbili ukaiacha izunguke. Ikate: kiki (dramu ya mguu) mbili tofauti, sinea moja nzito, sinea mbili tatu za kugusa, haihati (matoazi mawili ya mguu) iliyofungwa, iliyofunguliwa. Rekodi nyingi za miaka ya 60 zina dramu upande mmoja tu wa stereo, kwa hiyo jaribu kuchukua chaneli ya kushoto peke yake, kisha ya kulia. Unaweza kukuta umepata dramu zimevuliwa gitaa bure. Kata pale wimbi linapopita sifuri na uweke fedi (sauti ififie) ya milisekunde 2 mwishoni, la sivyo kila pigo litakuja na "tik". Halafu weka pedi (vitufe vya kupigia sampo) zote za dramu za santuri moja kwenye kundi la kukatizana, ili sinea ikipiga, mkia wa kiki unyamaze. Hapo ndipo vipande vinarudi kusikika kama mpiga dramu mmoja aliyekaa chumba kimoja. Wengi huruka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba dramu zao "hazikai".

Sinea za kugusa zipige kwa nguvu ya 30 hadi 50 kati ya 127. Swingi, yaani kuchelewesha kidogo noti za katikati, ijaribu asilimia 54 hadi 58. MPC inagawa robo noti vipande 96, na swingi huhesabiwa kwa vipande hivyo. Kwa spidi ya mapigo 90, swingi ya 54 inachelewesha ile noti ya pili katika kila jozi ya noti za moja-ya-kumi-na-sita kwa takriban milisekunde 14, na 58 kwa 28. Ni kiasi kidogo, lakini shingo inajua.

Kinanda na besi vinafuata kanuni hiyohiyo. Organ Donor, wimbo wa kwenye albamu hiyo, ni mfano mzuri: kinanda cha rekodi ya Giorgio Moroder ya 1972, kimekatwakatwa na kupigwa upya kwa pedi. Tatizo utakalokutana nalo ni tuni, kwani santuri mbili karibu kila mara hazipo kwenye tuni moja. Piga noti moja ya besi kwa zote mbili. Ukisikia sauti inapumua (inapanda na kushuka) mara moja kwa sekunde kwenye hezi 110, zimeachana karibu senti 16. Rekebisha moja hadi pumzi ikome. Ukiongeza besi yako mwenyewe, kata sampo chini ya hezi 120 hivi, besi mbili hazikai nyumba moja.

Kuhusu ruhusa: kila sampo ina haki mbili, ya rekodi na ya utunzi, na mara nyingi zinashikwa na watu tofauti. Ile habari ya "chini ya sekunde 6 ni halali" ni uzushi. Ukiipiga upya kwa kinanda chako umekwepa haki ya rekodi, ya utunzi bado inakudai. Omba kabla ya kutoa, maana baada ya hapo bei anaipanga mwenye mali.

Kama unafikiria santuri, dakika 18 hadi 22 kwa upande ndiyo salama kwa spidi ya 33, na besi iwe mono (sawa kushoto na kulia). Endtroducing ina zaidi ya saa moja, ndiyo maana ilikaa kwenye santuri mbili. Na kuanzia sampo ya kwanza fungua daftari: msanii, jina la rekodi, lebo, namba ya katalogi, dakika na sekunde uliyokata, pedi gani. Baada ya mwaka hutakumbuka ile filimbi ya sekunde mbili ilitoka wapi, na ndiyo hiyo utakayoulizwa.