Gunia moja, rekodi tatu

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Masasi, nimekiandikia chama chetu cha msingi programu ya kupokea korosho kwa lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kuchora madirisha na vitufe. Karani akibofya "Hifadhi", dirisha linaganda sekunde kumi na kitu wakati data inakwenda kwenye seva. Anabofya tena na tena. Likizinduka, gunia moja la kilo 80 limeingia mara tatu. Nimejaribu kukizima kitufe mwanzoni mwa fankisheni na kukiwasha mwishoni, wapi! Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Karani msamehe.

Kila mbofyo na kila herufi huingia kwenye foleni. Mainloop, yaani kile kitanzi cha Tkinter kinachoendesha dirisha, huchukua tukio moja, hutazama ni la kitufe gani, kisha huita fankisheni uliyokifungia. La pili haligusi mpaka fankisheni hiyo irudi. Yako imekwenda kuongea na seva, kama mpima mizani aliyeacha magunia akatoka nje kupiga simu. Zikipita sekunde 5 hakuna aliyechukua ujumbe, Windows inalihesabu dirisha kuwa halijibu.

Ujanja wako wa kuzima kitufe ndio wenye utamu. Kwanza, karani hakukiona kikigeuka kijivu, maana kuchora nako kunasubiri zamu. Pili, mibofyo yake ya mwanzo haikutupwa, ilikaa foleni. Fankisheni ikafika mwisho, ikawasha kitufe, ndipo mainloop ikarudi kwenye ile mibofyo na kukuta kitufe ki hai. Tkinter huangalia hali ya kitufe tukio linaposhughulikiwa, si lilipotokea. Mimi jambo hili lilinila siku mbili nzima.

Fankisheni ya kitufe isome uzito, izime kitufe, ianzishe uzi wa pembeni (kazi inayokwenda sambamba na dirisha) kwa threading.Thread, irudi hapo hapo. Uzi huo uongee na seva na kuweka jibu ndani ya queue.Queue, foleni ya Python ya kupitishia data kati ya nyuzi, dirisha usiliguse kutoka humo. Dirisha lenyewe lichungulie foleni hiyo kwa root.after(100, chungulia), yaani fankisheni yako ya chungulia iitwe baada ya milisekunde 100, na kitufe kiwashwe jibu likishafika. Andika chungulia bila mabano, la sivyo itaitwa papo hapo.

Bado hujamaliza. Kila upimaji upe namba yake kabla ya kutuma, na hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kuingia. Mtandao ukikatika seva ikiwa imeshahifadhi, karani atabofya tena, na safari hiyo atakuwa na haki.