Iran: Myahudi yumo bungeni, Mbahai hayumo chuoni

SWALI: Kijiweni kwetu Tanga tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja anasema Iran ni dola ya Kiislamu lakini Wayahudi wana mbunge wao. Mwingine anasema Wabahai huko wanafukuzwa vyuoni kwa sababu ya dini yao tu. Kisheria, nani mkweli?

JIBU: Wote wawili. Ugomvi wenu umelala kwenye neno moja la Katiba ya 1979: "pekee".

Ibara ya 13 inawataja Wairani Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo kuwa ndio wachache pekee wa kidini wanaotambuliwa. Hao wanaabudu kwa uhuru ndani ya mipaka ya sheria, na mambo yao binafsi, kama vile ndoa, huenda kwa dini zao. Ibara ya 64 inawapa viti vitano bungeni: Wazoroasta (ndugu wa wale Waparsi wa Zanzibar) kimoja, Wayahudi kimoja, Wakristo Waashuri na Wakaldayo kimoja kwa pamoja, Wakristo Waarmenia viwili. Huyo wa kwanza hakutia chumvi.

Wabahai hawamo, ingawa dini yao ilizaliwa Iran hiyohiyo katika karne ya 19. Hawakusahauliwa. Kwa wanazuoni wanaotawala, dini inayodai ufunuo baada ya Mtume Muhammad haiwezi kuhesabiwa pamoja na za Ahlul Kitabu. Kutoka hapo mambo yanashuka hadi kwenye makaratasi ya ofisini. Waraka wa 1991 uliagiza mwanafunzi akigundulika kuwa Mbahai, iwe wakati wa kuandikishwa au katikati ya masomo, aondolewe chuoni. Mwaka 2020 fomu ya kitambulisho cha taifa ikaondolewa kisanduku cha "dini nyingine". Kaa na fomu hiyo mkononi: Uislamu, Ukristo, Uyahudi, Uzoroasta. Imani ya Mbahai inamkataza kuikana. Ajaze nini?

Ila msidhani kuwamo kwenye orodha ndiyo usawa. Sheria ya madai ya Iran, kifungu cha 881 bis, inasema marehemu asiye Mwislamu akiwa na mrithi mmoja Mwislamu, huyo anawazuia warithi wengine wasio Waislamu, hata wawe wa karibu zaidi. Yaani mpwa aliyesilimu anaweza kuwapiku watoto wa kuwazaa. Kwa maoni yangu kifungu hiki kinauma kuliko mengi yanayopigiwa kelele, maana kinaingia sebuleni na kuketi kati ya ndugu.

Upande wa pili, dia, yaani fidia ya damu, ilisawazishwa na ya Waislamu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa wale wa orodha. Na Sepanta Niknam, diwani Mzoroasta wa mji wa Yazd, alisimamishwa 2017 kwa hoja kwamba asiye Mwislamu hawezi kuwaamulia Waislamu. 2018 Baraza la Maslahati, chombo cha juu kinachoamua mivutano ya vyombo vya dola, likamrudisha kitini.

Na sisi Washafii wa pwani je? Tumetajwa kwa jina. Ibara ya 12 inayapa madhehebu ya Shafii, pamoja na mengine manne, "heshima kamili". Lakini mkitaka urais, someni Ibara ya 115: rais sharti aamini madhehebu rasmi ya nchi, nayo ni Jaafari Ithnaasharia, yaani ya Kishia.