Kabla hujamkalisha mtu mbele ya Monty Python and the Holy Grail

Mtu akiniomba filamu ya Waingereza ya kuchekesha, humpa hii ya kundi la wachekeshaji liitwalo Monty Python, inayomdhihaki Mfalme Arthur wa hadithi za kale na mashujaa wake wanaosaka kikombe kitakatifu, kwa sharti kwamba avumilie dakika za mwanzo. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1975. Inafunguka kwa majina ya waigizaji, na chini yake yanapita maandishi ya Kiswidi cha kubuni yanayohangaika na mnyama wa porini aliyemng'ata dada wa mtu. Mara linatoka tangazo kwamba walioandika upuuzi huo wamefukuzwa kazi. Upuuzi unaendelea, na waliowafukuza wenzao nao wanafukuzwa. Nimeshaona mgeni akiinuka kukagua waya wa televisheni. Mwache akague.

Kisha ukungu, na vishindo vya kwato. Unangoja farasi. Anatokea Mfalme Arthur, yaani Graham Chapman, anadundadunda kwa miguu yake mwenyewe, na nyuma yake mtumishi amebeba mizigo huku akigonganisha vifuu viwili vya nazi.

Sisi tuliokulia Tanga tunacheka mapema kuliko wengine. Askari aliye juu ya ukuta wa ngome hashangazwi na mfalme, anashangazwa na vifuu: nazi imefikaje nchi ya baridi namna hii? Unazuka ubishi mrefu kama nazi inaweza kubebwa na mbayuwayu, na kama ni mbayuwayu wa Ulaya au wa Afrika. Mfalme anataka kuzungumzia ufalme wake, hakuna anayemsikiliza. Raha yangu ya ziada ni kwamba mbayuwayu wa Ulaya kweli huhamia huku kwetu kukwepa baridi, na nazi kweli husafiri, ila kwa kuelea baharini. Wale askari walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyodhani.

Siri ya filamu hii kutochuja, kwa maoni yangu, iko kwenye vile vifuu. Pesa ya kundi la farasi haikuwepo. Mwingine angepiga picha za karibu karibu ili tusione kinachokosekana. Monty Python wakauweka ukata wao katikati ya skrini na kumpa askari kazi ya kuuhoji. Wanalirudia jambo hilo kila mahali. Mashujaa wanaiona Camelot, ngome ya Arthur, kwa mbali, wanashikwa na bumbuwazi, na yule mtumishi ananong'ona kwamba ni mfano mdogo tu wa kutengenezwa. Ngome karibu zote unazoziona ni moja, Doune Castle ya Scotland, iliyopigwa kutoka pande tofauti baada ya ruhusa ya kutumia nyingine kuondolewa. Terry Gilliam na Terry Jones ndio walioongoza, na hakuna kati yao aliyewahi kuongoza filamu ndefu. Filamu nyingi za enzi zile zilizojigamba kwa mitambo na mandhari leo zinatia huruma. Kifuu hakizeeki kwa sababu tangu siku ya kwanza hakikujifanya farasi. Watu wanaokwenda Doune hadi leo hugonganisha vifuu uani.

Sasa namna ya kuitazama. Itazameni wengi, angalau watatu, kwenye skrini kubwa kidogo, si kila mtu na simu yake. Washa maandishi ya Kiingereza, maana lafudhi zinakimbia na hata mwenye Kiingereza kizuri hupitwa. Usitafsiri sentensi kwa sentensi kama wale wa vibanda umiza. Wao wanaweza kwa sababu mapigano hayahitaji maneno, hapa maneno ndiyo mapigano. Na kama wewe ni shabiki wa zamani, tafadhali funga mdomo. Ushabiki wa filamu hii una maradhi ya kutamka mistari kabla ya mwigizaji, na sijaona kinachoua kicheko haraka kama hicho.

Mtu akisitasita, mwonyeshe kwanza kipande cha Dennis. Ni mkulima anayezoa matope, akichezwa na Michael Palin. Arthur anajitambulisha kuwa mfalme wake, na mwanamke aliye pale matopeni anajibu kwamba hakumpigia kura. Arthur anaeleza kwa heshima zote jinsi Bibi wa Ziwani alivyomkabidhi upanga. Dennis anamwambia kwamba wanawake waliolala madimbwini wakigawa panga si msingi wa serikali, madaraka hutoka kwa wananchi. Mfalme anaishiwa hoja, anamkaba, na Dennis anawaita watu waje washuhudie anavyokandamizwa. Hapa kwetu sijaona kipande hicho kikimkosa mtu. Mzee mmoja aliyetumikia ofisi za serikali maisha yake yote aliomba kirudishwe.

Kipande cha mchawi kinataka uangalifu. Wanakijiji wamembandika mwanamke pua ya bandia, wanataka kumchoma, na Bedevere, mmoja wa mashujaa wa Arthur, anawaongoza kwa mantiki ya kichaa: mchawi huungua, mti huungua, mti huelea, bata huelea, basi akilingana uzito na bata ni mchawi. Ni dhihaka kali dhidi ya umati, tena nzuri. Lakini nilipoitazama na mama mmoja wa Shinyanga, alinyamaza kimya. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, ya moshi wa jikoni. Hakukasirika, alisema tu kwamba Waingereza hao wanawajua watu. Fahamu umekaa na nani.

Si yote mazuri. Ile ngome ya wanawake wanaomtongoza Galahad, shujaa mwingine wa Arthur, inaburuta na imepitwa na wakati. Penye watoto mimi huiruka. Mwisho wa filamu huwagawa watu. Wapo wanaohisi wametapeliwa, na usiwaonye mapema, kutapeliwa huko ni sehemu ya mpango.

Wakitaka nyingine, ipo Life of Brian ya 1979, ambayo kwangu imeundwa vizuri zaidi na ilipata pesa kwa msaada wa George Harrison wa Beatles. Hiyo inacheza karibu mno na dini, kwa hiyo shemeji yangu mwinjilisti bado sijamwalika.