NAS iko ofisini Mwanga, wewe uko Kasulu: pita kwenye VPN, usifungue poti

Ofisi yetu ya upimaji ardhi iko Mwanga, Kigoma mjini. Michoro ya viwanja na data zote za GPS tunaziweka kwenye NAS, lile boksi la diski mbili lililochomekwa kwenye rauta. Kazi zenyewe ziko Kasulu, Uvinza, hata Kakonko. Watu wakianza kubishania bikoni, mchoro unatakiwa pale pale shambani.

Fundi atakwambia ufungue poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, kwenye rauta ili NAS ifikike moja kwa moja kutoka popote. Kataa. Usidhani kwa kuwa ofisi yako ni ndogo hakuna anayekutafuta, maana kuna programu zinazopekua anwani za IP za dunia nzima usiku na mchana. Mwaka 2014 NAS za kampuni ya Synology zilivamiwa na kirusi kiitwacho SynoLocker, na Januari 2022 zile za QNAP zikakumbwa na kingine, DeadBolt. Virusi vyote viwili vilifunga faili za watu, kisha vikadai bitcoin. VPN, yaani njia ya siri ya mtandaoni kati ya kifaa chako na ofisi, inazuia hilo kwa sababu kwanza kifaa chako kinathibitishwa kwa ufunguo wake, halafu ndipo NAS inaonekana.

Sasa tuje kwenye tatizo la huku kwetu. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa mtu mwenye IP yake mwenyewe. Wengi wetu tuna rauta ya laini ya simu. Fungua ukurasa wa rauta, tazama anwani ya WAN, yaani ile ya upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi hiyo si anwani ya intaneti ya wazi. Mnatumia IP moja wewe na wateja wengine kibao. Hapo kufungua poti ni sawa na mpangaji kutaka kufungua geti la nyumba nzima kwa ufunguo wa chumba chake.

Kampuni yako ya intaneti ikikuuzia IP ya wazi, weka programu ya VPN kama WireGuard, ambayo kwa kawaida hutumia poti ya UDP 51820, au OpenVPN kwenye 1194. PPTP, aina ya VPN ya zamani, achana nayo hata ukiikuta kwenye menyu ya NAS, usalama wake ulishavunjwa zamani. Ukikosa IP ya wazi, tumia Tailscale. Imejengwa juu ya WireGuard, na NAS na simu zote zinaanza kupiga kwenda nje kisha zinakutanishwa, kwa hiyo rauta huigusi kabisa. Sisi tunatumia hii, na sioni sababu ya kuhangaika na nyingine.

Ukichagua WireGuard au OpenVPN, badilisha namba za mtandao wa ofisi. Rauta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1, na gesti utakayolala Kasulu huenda ina hizo hizo. Kompyuta itaitafuta NAS humo humo gesti. Weka kitu kama 192.168.47.

Kuna na suala la TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Oktoba 2023 walitangaza kwamba watu na kampuni wanaotumia VPN watoe taarifa kwao kabla ya mwezi huo kwisha. Ya kwako ni ya kuingilia ofisini tu, hukwepi kitu, lakini bado ni VPN. Ulizia utaratibu wao wa sasa uufuate.

Kasi usiitarajie sana. Ukiwa mbali, kasi unayoipata ni ile ya kupandisha ya ofisini, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kushusha. PDF ya mchoro inakuja vizuri. Picha za droni zibebe kwenye diski ya mkononi. Umeme nao ukikatika, VPN haina cha kukufanyia, hivyo NAS na rauta vyote vikae kwenye UPS, lile boksi la betri ya akiba, na NAS uiwekee mpangilio wa kujiwasha yenyewe umeme ukirudi.

Kabla ya kupanda gari, zima wifi ya simu, washa bando, ufungue mchoro mmoja ukiwa bado mjini. Mchoro ukigoma kufunguka, angalau ofisi ipo jirani.